UZI: Kuhamisha mafaili kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya bila kuacha kitu nyuma

#1 DiskiKuu

Wakuu, swali la "nimepata kompyuta mpya, vitu vyangu navihamishaje" limekuwa la kila mara, hasa tangu Microsoft iliposimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tuliweke sehemu moja. Mimi nitasema ya Windows kwenda Windows. Wa Mac na Linux wataongezea.

Tuanze na kinachowachanganya wengi: unahamisha mafaili, huhamishi programu. Ukikopi folda ya Program Files yote hujahamisha chochote cha maana, maana sehemu nyingine ya programu imeandikwa kwenye rejista ya Windows (daftari lake la mipangilio) na nyingine imekaa kwenye folda zilizofichwa za ProgramData na AppData. Programu zinasakinishwa upya. Andika orodha yake mapema pamoja na namba za leseni. Zile zinazoruhusu mashine moja au mbili tu, zitoe leseni kwenye kompyuta ya zamani wakati bado inawaka.

Kabla ya kuchomeka waya wowote, pima mzigo. Nenda C:\Users, bofya kulia folda yenye jina lako, angalia ukubwa na idadi ya mafaili. Idadi ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Video moja ya GB 20 inapita haraka sana. Mafaili madogo 200,000 yenye jumla hiyo hiyo ya GB 20 yanaweza kuchukua saa kadhaa, kwa sababu kila faili linaandikishwa peke yake kwenye jedwali la diski na antivairasi inalikagua moja moja.

Diski ya nje ndiyo njia ninayoipendekeza kwa walio wengi, kwa sababu moja: ukimaliza unabaki na nakala ya tatu. Ifomati (ipange upya, jambo linalofuta kilichomo) kwa mpangilio wa NTFS kama mashine zote mbili ni Windows, au exFAT kama kuna Mac katikati. Usiache FAT32. Hiyo haipokei faili la GB 4 au zaidi, na ujumbe wake huwababaisha watu: inasema faili ni kubwa mno wakati diski ina nafasi tele.

Kuhusu muda, chukua mzigo wa GB 300. Tundu la USB 2.0 kwa kweli hutoa kama MB 35 kwa sekunde, hivyo ni karibu saa mbili na nusu. Diski ya nje ya kuzunguka kwenye USB 3.0 hutoa MB 100 hadi 130, inamaliza ndani ya saa moja. Waya wa mtandao wa gigabiti hutoa kama MB 110, dakika 45 hivi. Lakini kadi ya mtandao ya zamani ikiwa ya megabiti 100, unapata MB 11 tu, na hapo ni saa saba na nusu. Hizo ni hesabu za mafaili makubwa. Kwa madogo ongeza uvumilivu.

Zima usingizi wa kompyuta zote mbili kabla ya kuanza. Laptopu iwe kwenye chaji.

#2 Kipanya

Mkuu DiskiKuu, shukrani. Kuna ubaya gani nikiburuta tu kwa kipanya hadi kwenye diski ya nje?

#3 DiskiKuu

Kwa folda ya GB 10 hakuna ubaya. Kwa maisha yote ya kompyuta, ubaya upo. Ukipata faili moja lililofungwa au bovu, kazi inasimama inakusubiri ujibu, na wewe umelala. Hakuna ripoti ya kilichoshindikana. Na folda zilizopangwa ndani ya folda nyingine hadi njia ikapita herufi 260 hukwama.

Tumia robocopy, amri ya kukopi iliyomo ndani ya Windows tangu Windows Vista. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha:

robocopy "C:\Users\Jina" "E:\Zamani" /E /XJ /COPY:DAT /DCOPY:DAT /R:1 /W:1 /MT:8 /LOG:E:\ripoti.txt /TEE

/E inachukua folda zote hata tupu. /XJ ni ya lazima, usiiache: ndani ya folda yako kuna njia za mkato za mfumo, kama Application Data, zinazorudi kuelekea zilikotoka, na bila /XJ unaweza kukuta inazunguka bila mwisho hadi diski ijae. /R:1 /W:1 inaiambia irudie mara moja baada ya sekunde moja. Usipoandika hivyo, kawaida yake ni kurudia mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Ndiyo maana watu husema robocopy "imeganda". /COPY:DAT inabeba data, sifa na tarehe, inaacha ruhusa za zamani, na hilo ndilo unalotaka, kwa sababu ruhusa za akaunti ya mashine nyingine zitakusumbua tu.

Mwisho wa ripoti angalia safu ya FAILED. NTUSER.DAT na ndugu zake watashindikana kwa sababu Windows inayatumia muda huo, yaache. Kingine chochote kwenye safu hiyo kifuatilie kwa jina.

#4 mstari_wa_amri

Nyongeza mbili kwenye robocopy, maana hizi huwauma hata wazoefu.

Usimalizie njia kwa mkwaju wa nyuma ukifuatiwa na alama ya kufunga nukuu. Ukiandika "D:\" mkwaju unaimeza ile nukuu na amri nzima inasomeka vibaya. Andika D:\ bila nukuu.

Pili, ukikopi kutoka mzizi wa diski nzima, folda ya kule mwisho inarithi sifa ya kufichwa. Unamaliza kukopi GB 400, unafungua diski, hamna kitu. Zimo. Andika attrib -h -s E:\Zamani zitaonekana.

Na tafadhali msikopi amri zenye /MIR mnazoziona mitandaoni bila kujua. Hiyo inafuta kule mwisho kila kisichokuwepo chanzo. Ukigeuza chanzo na mwisho kwa bahati mbaya, folda tupu itaifuta ile iliyojaa.

#5 Bi_Kabati

Naomba kuongeza upande unaosahaulika: vitu visivyoonekana kwenye Documents wala Pictures.

Brauza. Firefox ni rahisi. Ifunge kabisa, chukua folda yote ya wasifu iliyo AppData\Roaming\Mozilla\Firefox\Profiles. Maneno ya siri yamo humo kwenye logins.json na key4.db, na lazima vitembee pamoja. Chrome na Edge ni hadithi nyingine. Maneno ya siri yamesimbwa kwa ufunguo wa akaunti yako ya Windows kwenye mashine ile ile, na tangu 2024 Chrome imeongeza kufuli jingine juu yake. Ukikopi folda, alamisho zitakuja na maneno ya siri hayatafunguka. Washa usawazishaji wa akaunti, au yatoe kama faili la CSV, yaingize kwenye mpya, kisha ufute CSV hiyo siku hiyo hiyo. Ni maandishi matupu, yeyote anayelifungua anayasoma yote.

Barua pepe. Outlook ya kusakinishwa: faili la PST (ghala la barua zako) ndilo la kubeba, aghalabu limo Documents\Outlook Files, na Outlook iwe imefungwa wakati wa kukopi. OST msihangaike nayo. Ni kivuli cha kilichopo kwenye seva na itajengwa upya. Ila kama akaunti imeshafungwa na OST ndiyo nakala pekee, toa PST kutoka ndani ya Outlook ya zamani kabla ya kuizima, maana OST haifunguki kwenye mashine nyingine kwa njia ya kawaida. Thunderbird: folda ya AppData\Roaming\Thunderbird nzima.

Vikaratasi vya Sticky Notes: faili plum.sqlite ndani ya AppData\Local\Packages. Fonti ulizoweka mwenyewe: baadhi zimo C:\Windows\Fonts, nyingine AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts. Bakapu za iPhone zilizofanywa na iTunes ya kusakinishwa: AppData\Roaming\Apple Computer\MobileSync\Backup, na hizo zinaweza kuwa GB nyingi kuliko kila kitu kingine. Programu za hesabu na stoo huweka data ProgramData au kwenye folda yao moja kwa moja juu ya C:, kwa hiyo tumieni kitufe cha bakapu kilichomo ndani ya programu yenyewe.

Msichukue AppData ya zamani nzima mkaimwaga juu ya AppData mpya. Ibebeni kama akiba, mchomoe folda moja moja.

#6 Kipanya

Hapo kwenye Documents mimi naona mafaili yana alama ya wingu. Robocopy inasoma?

#7 Bi_Kabati

Hiyo ni OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, na alama ya wingu maana yake faili halipo kwenye diski yako. Unaona jina tu. Robocopy ikiligusa, Windows itaanza kulishusha kutoka intaneti, moja baada ya jingine, na intaneti ikikatika linaingia FAILED. Ukitoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine, hazifunguki kabisa.

Chagua moja. Ama uiachie OneDrive kazi hiyo: ingia na akaunti ile ile kwenye kompyuta mpya, zitakuja zenyewe, na usizikopi. Ama bofya kulia folda ya OneDrive, chagua zikae kwenye kifaa daima, subiri zote zipate tiki ya kijani, ndipo ukopi. Ukichanganya njia zote mbili, utakuwa na kila hati mara mbili.

Angalia pia folda zenyewe zipo wapi. OneDrive ikiwa imezichukua Desktop na Documents, njia yake ya kweli ni C:\Users\Jina\OneDrive\Documents, na ile Documents ya kawaida inaweza kuwa tupu.

#8 waya_mtupu

Kwa wasio na diski ya nje. Waya wa kawaida wa mtandao kati ya kompyuta mbili unatosha, hakuna haja ya ruta wala waya wa kuvuka (crossover); kadi za gigabiti hujigeuza zenyewe. Ya zamani ipe anwani 192.168.50.1, mpya 192.168.50.2, kinyago 255.255.255.0, lango liache tupu.

Ping (amri ya kupima kama mashine zinaonana) inakataa? Sababu karibu kila mara ni moja: Windows imeuita mtandao huo wa hadhara na ukuta wa moto umefunga. Fungua PowerShell kama msimamizi pande zote mbili:

Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private

Jina la kadi yako likiwa tofauti, weka lake. Kisha shiriki folda kwenye ya zamani kwa kusoma tu, na kwenye mpya andika \\192.168.50.1 kwenye upau wa anwani.

Hapo itakuomba jina na neno la siri, na hapo ndipo wengi hukwama. PIN unayowashia kompyuta haifanyi kazi kupitia mtandao. Akaunti isiyo na neno la siri pia haikubaliki. Na msijaribu kuingia kama mgeni: Windows 11 toleo la Pro imezima ugeni, na kuanzia toleo la 24H2 inadai saini kwenye kila mawasiliano ya SMB, yaani njia ya Windows ya kushiriki mafaili mtandaoni. Tengeneza akaunti ya muda kwenye ya zamani:

net user hamisha NenoLako /add

Ingia kwa akaunti hiyo ya hamisha. Kumbuka mlango una makufuli mawili: ruhusa ya kushiriki na ruhusa ya NTFS kwenye kichupo cha usalama. Ukifungua la kwanza ukasahau la pili, utaliona folda na hutaweza kuingia. Ukimaliza, net user hamisha /delete.

Waifai inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ila mashine zote mbili zikiwa hewani zinagawana kasi ya ruta. Angalau moja iunganishe kwa waya.

#9 Swali_Fupi

Nina waya wa USB wenye vichwa sawa pande zote, A kwa A. Naweza kuunganisha nao laptopu mbili?

#10 waya_mtupu

Usiuchomeke! Pande zote mbili zinatoa volti 5 na hakuna wa kupokea. Unaweza kuunguza tundu au zaidi ya tundu. Waya wa kuhamishia data kati ya kompyuta mbili una kijisanduku katikati chenye chipu ya daraja. Usipoona kijisanduku hicho, si wenyewe.

#11 Bisibisi

Kompyuta ya zamani ikiwa haiwaki, au inawaka kwa kusuasua, toa diski uisome kama diski ya nje. Jua kwanza ni aina gani, maana adapta hazifanani.

SATA, NVMe na IDE ni aina za muunganisho wa diski. Ya inchi 2.5 ya SATA, ya laptopu: adapta ya SATA kwenda USB inatosha, umeme wa tundu unaitosha. Ya inchi 3.5 ya mezani inahitaji volti 12, kwa hiyo adapta iwe na chaja yake. Bila hiyo haizunguki kabisa. Vijiti vya M.2 angalia mkato wa meno: chenye mikato miwili aghalabu ni SATA, chenye mmoja upande wa M ni NVMe. Kasha la SATA pekee halisomi NVMe, na kinyume chake. Yapo makasha yanayosoma zote, chukua hilo. Za kale za IDE zina pini 40 kwa inchi 3.5 na 44 kwa inchi 2.5. Laptopu nyembamba kadhaa zina hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi, hizo hazitoki.

Vikwazo viwili baada ya kuichomeka. Cha kwanza ni ruhusa: Windows inasema huna haki ya kufungua folda. Ukibofya kuendelea, itaanza kubadilisha ruhusa za kila faili, na hilo linachukua muda na kuichosha diski mbovu. Robocopy yenye /B, ikiendeshwa na msimamizi, inapita bila kubadilisha chochote.

Cha pili ni kizito: BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima. Mashine nyingi za Windows 10 na 11 zilizowashwa kwa akaunti ya Microsoft zimesimbwa zenyewe bila mwenyewe kujua. Ukitoa diski itakudai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Hakuna fundi wa kuupita huo. Tafuta kwenye akaunti yako ya Microsoft, ukurasa wa funguo za urejeshaji. Na kama kompyuta bado inawaka, fanya leo:

manage-bde -protectors -get C:

Andika tarakimu zote kwenye karatasi.

Na kabla ya kutoa diski kwenye mashine inayowaka, izime kwa shutdown /s /t 0. Kuzima kwa kitufe cha menyu huiacha Windows nusu usingizini kwa ajili ya kuwaka haraka, na ukisoma diski hiyo kwenye Linux itakubali kusomwa tu au itakataa kabisa.

#12 Swali_Fupi

Yangu inatoa mlio wa kugonga gonga. Nianze na chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski?

#13 Bisibisi

Hapana. Kama ni mlio wa kugonga wa mfululizo, izime sasa. Kichwa cha kusomea kina hitilafu na kila dakika inayozunguka kinaweza kukwaruza sahani. Kama data ni ya thamani, ni kazi ya maabara.

Kama hailii, ni polepole tu na inagoma hapa na pale, soma SMART yake (ripoti ya afya ya diski) kwa programu ya CrystalDiskInfo au smartctl. Angalia namba 05, 197 na 198. 197 ikiwa juu ya sifuri kuna sekta zinazosubiri uamuzi. Chkdsk hapo ni hatari, kwa sababu kazi yake ni kunyoosha mfumo wa mafaili, si kuokoa data, na huandika juu ya diski inayokufa. Washa Linux kutoka kwenye flashi, kisha tumia ddrescue kutengeneza taswira, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja:

ddrescue -d -n /dev/sdX taswira.img ramani.log
ddrescue -d -r3 /dev/sdX taswira.img ramani.log

Mzunguko wa kwanza unabeba kilicho rahisi na kuruka pabovu, wa pili unarudia pabovu mara tatu. sdX ni jina la diski mbovu, lihakikishe kwa amri ya lsblk, mara mbili. Taswira na ramani ziwe kwenye diski nyingine yenye nafasi kubwa kuliko ukubwa wote wa ile mbovu. Baada ya hapo unachukua mafaili kwenye taswira, diski umeipumzisha.

#14 Tunda_na_Pengwini

Wa Mac: Migration Assistant inabeba kutoka Mac kwenda Mac, na ina toleo la kusakinisha kwenye Windows pia. Diski ya NTFS Mac inaisoma lakini haiiandiki, kwa hiyo exFAT. Wa Linux kwenda Windows: majina ya mafaili yenye alama ya nukta pacha, ya kuuliza au nyota hayatakubalika, na kama una Picha.jpg na picha.jpg kwenye folda moja, Windows inayaona ni faili moja. Badilisheni majina kabla.

Kwa wenye Windows XP: hiyo inajua SMB1 tu, toleo la kwanza la SMB, ambayo Windows za sasa zimeizima kwa sababu za usalama. Msiiwashe kwa ajili ya hili. Tumieni diski ya nje yenye NTFS, maana exFAT kwenye XP inahitaji sasisho la ziada.

#15 Kipanya

Nimekopi zote, ripoti haina FAILED. Ya zamani naweza kuifuta?

#16 mstari_wa_amri

Bado. Kwanza endesha amri ile ile ukiongeza /L, ambayo inaorodhesha tofauti bila kukopi. Isipoonyesha kitu zaidi ya yale ya mfumo, majina, ukubwa na tarehe vimelingana. Haijasoma ndani ya mafaili, kwa hiyo yale yasiyo na mbadala yapime pande zote mbili kwa certutil -hashfile faili SHA256 na ulinganishe. "Ukubwa kwenye diski" usiulinganishe, unategemea fomati na utatofautiana hata kila kitu kikiwa sawa.

Kisha fungua kwa mkono: PST, wasifu wa Firefox, data ya programu ya hesabu, picha chache za mwaka wa kwanza. Ukiona faili lenye alama ya kufuli ndogo, hilo limesimbwa kwa EFS, kufuli la Windows la faili moja moja, na linadai cheti cha akaunti ya zamani. Kitoe kwa certmgr.msc pamoja na ufunguo wake wa siri kabla hujagusa mashine ile. Programu ya namba za kuthibitisha kuingia ikiwa imo kwenye kompyuta hiyo, nayo ihamishe sasa.

#17 DiskiKuu

Mimi huiacha ya zamani mwezi mzima bila kuifuta, na napendekeza hivyo. Kuna vitu huvikumbuki hadi unapovihitaji, kama kiolezo cha ankara au cheti cha kodi cha mwaka juzi.

Muda ukifika: diski ya kuzunguka, tumia kuweka upya kwa Windows ukichagua kuondoa kila kitu na kusafisha hifadhi, inaandika juu ya diski nzima, tenga saa kadhaa. SSD haifai kuandikwa juu, kwa sababu chipu yake inaficha seli za akiba ambazo maandishi hayo hayafiki. Kwenye SSD tumia amri ya kufuta kwa usalama iliyo kwenye BIOS au kwenye programu ya mtengenezaji. Ikiwa ilikuwa tayari na BitLocker, kuweka upya kunapoteza ufunguo na kilichobaki hakisomeki. Toa pia mashine hiyo kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yako, lakini ufunguo wa tarakimu 48 uutoe mwisho kabisa.